Uso wa Ukuta, Mgongo wa Ukuta

Katika kijiji cha Kot Mehrban, ng'ambo ya mto Chenab, kuna nyati wa maziwa anayetoka nyumbani kinyumenyume kila asubuhi.

Makalio yanatangulia, pembe zinafuata.

Jina lake Kali. Kwa Kipunjabi maana yake mweusi tu, ukali wenyewe hana hata chembe.

Wageni wakimwona husema ana pepo. Wenyeji wanacheka. Mnyama hana pepo, aliponzwa na neno moja la uashi, na mdomo uliolitamka ni huu huu ninaolia mkate.

Sogeeni niwape.

Mimi naitwa Allah Rakha, mwashi wa Chiniot. Kazi nilifundishwa na Ustadi Siraj Din, kwa makofi zaidi ya maneno. Ukipindisha kozi, yaani mstari mmoja wa tofali, kofi. Ukiuliza kwa nini umepigwa, unaongezwa la pili, la ufafanuzi.

Nilipokomaa nikamposa binti yake, Sughra. Mzee alichukua mwiko wake wa kujengea, mpini umelika mpaka umeshika umbo la kiganja chake, akaniwekea mkononi.

"Nenda kajenge kitu kwa jina lako. Ukirudi na mwiko huu kabla ngano haijaisha kuvunwa, njoo na wazee wako tufunge ndoa. Ukirudi bila mwiko, pitiliza. Usipige hodi."

"Na nikiibiwa, Ustadi?"

"Mwashi anayeibiwa mwiko ataibiwa na mke."

Ndiyo maana nasema, kwa fundi mwiko ni mwiko.

Kazi ikapatikana Kot Mehrban. Ndugu wawili, Fazal mkubwa na Bakhshu mdogo, walitaka ukuta wa kugawa ua wao katikati. Walikuwa hawasemeshani tangu harusi ya binamu yao, ambako kiko cha maji kilipelekwa kwa Bakhshu kabla ya Fazal. Mkubwa akapitwa mbele za watu. Pumzi moja ya moshi, watu wa tumbo moja wakaachana.

Katikati ya ua, kati ya tanuri la mikate na pampu ya maji, palikuwa na kitanda cha kamba. Juu ya kitanda alilala mama yao, Bebe Hajran, mwembamba kama fimbo ya kuswagia.

Wanawe walishapanga maisha yake: wiki moja atalala kwa Fazal, wiki nyingine kwa Bakhshu.

"Kama ndoo ya kuazima," aliniambia. "Na ndoo ya kuazima, mwanangu, hairudi nzima."

Nikavuta uzi wa kujengea kutoka kona hadi kona. Ukapita sawia juu yake.

"Bebe, samahani, uzi unapita juu ya tumbo lako."

"Acha upite. Wamepita hao wawili humo, uzi utanifanya nini?"

Hakuhama. Nikachimba msingi kuzunguka miguu ya kitanda.

Jioni ya kwanza ndipo nilipogundua nimeingia choo cha kike. Fazal alichukua mwiko wangu akaufungia sandukuni.

"Si kwa ubaya, fundi. Nakulinda usihongwe na yule wa pili."

Bakhshu kuona hivyo, akabeba timazi yangu, ile risasi ya kuning'iniza kwa uzi kupimia wima.

"Yeye akikaa na mwiko, mimi nikae na timazi. Tuone utakimbilia wapi."

Basi ikawa asubuhi napewa zana, jioni nanyang'anywa, mpaka ukuta uishe. Mashambani miundu ilishaanza kulia. Kila mganda wa ngano uliofungwa, mimi nilimwona Sughra anafungwa nao.

Nikajenga kwa kasi. Bebe akiwa amejilaza palepale, mara anaokota tofali mbili, anazigonganisha sikioni, moja anaitupa pembeni, moja ananipa. Nikasema moyoni, uzee ni mchezo, acha bibi wa watu achezee mlio.

Ukuta ulipofika magotini, Bakhshu akaja amekunja mikono.

"Fundi, uso wa ukuta uko upande gani?"

Nilishangaa kidogo mkulima kulijua neno hilo. Lakini njaa ilikuwa inaniuma, sikufikiri. Nikajibu kama ninavyomjibu mwashi mwenzangu.

"Uso uko kwa kaka yako. Kwako ni mgongo."

Jamani, hapo ndipo kilipoumana.

Ngoja niwaeleweshe. Tofali la kuchoma halitoki sare. Hili refu, lile fupi, moto ndio unaoamua. Ukilaza tofali kukata ukuta, ncha moja kila upande, upande wenye uzi unazilinganisha, zinatulia kama meno ya bi harusi. Huo ndio uso. Upande wa pili, refu linachomoza, fupi linazama. Huo ni mgongo. Hakuna matusi hapo, ni ufundi.

Kamueleze Bakhshu.

"Yaani Fazal anipe mgongo, nyumbani kwangu, kila siku, mpaka nife?"

"Ni ukuta, kaka Bakhshu."

"Ukuta wa nani? Si wake? Basi mgongo ni wake."

Fazal akachungulia kutoka kwake, uso umemjaa furaha ya kiko kilichorudishwa.

"Mdogo hukaa nyuma. Hata matofali yanajua."

Tukaubomoa siku ileile.

Kesho yake nikahamishia uzi kwa Bakhshu. Fazal akasusa, akasema hawezi kuswali anaangaliwa na mgongo wa mdogo wake. Tukabomoa. Nikajaribu kupeana zamu, kozi moja uso huku, kozi inayofuata uso kule. Ukuta ukajikunja kama nyoka aliyekula mbuzi. Nilipousukuma kwa kidole, ukalala wenyewe bila kuambiwa.

"Kuta mbili," nikasema, nimekata tamaa. "Kila mtu ajenge wake, uso kwake. Migongo itazamane yenyewe huko katikati, imalizane."

Wote wawili wakaitikia kwa kichwa. Mara ya kwanza nawaona wamekubaliana jambo, japo kila mmoja alinikubalia mimi.

Bebe akakohoa.

"Vizuri. Ila zikigusana, kesho huyu atasema ukuta wa yule unamwegemea. Acheni nafasi."

"Nafasi kiasi gani?" nikauliza.

"Mimi sina neno, mwanangu. Mimi ni ndoo. Waulize wenye ardhi." Akavuta shuka hadi kidevuni. "Ingawa majirani wako juu ya mapaa wanasikiliza. Wataona nani anamkatia mama kipande, nani anambania."

Nikatazama juu. Kweli, kijiji kizima kilikuwa juu ya mapaa, na karanga zao.

Fazal akapandisha mabega.

"Mimi ukuta wangu nausogeza ndani kwangu, mama apate pa kuweka kitanda."

"Kitanda tu?" Bakhshu akacheka kwa pua. "Mimi nasogeza wangu mama apate kitanda na kuku wake."

"Kitanda, kuku na tanuri."

"Na pampu ya maji."

"Na mahali pa mbuzi."

"Na mahali pa mbuzi kutembea."

Majirani wakawa wanapiga makofi kama kwenye mieleka. Kila tamko, mimi nang'oa kigingi nasogeza uzi. Nang'oa, nasogeza. Wakati Fazal anasema "na kipenyo cha upepo", uzi wake ulikuwa umefika karibu na kizingiti cha mlango wake mwenyewe.

Hakuna aliyekubali kurudi nyuma. Ningemwambia nani?

Nikajenga. Nyuso mbili safi ajabu, kila ndugu na uso wake. Katikati, ua wa Bebe, mkubwa kuliko nyua zao mbili ukiziunganisha. Kwa Fazal kikabaki kijia chembamba, na ndimo alimofungwa Kali. Nyati wa watu akiingia, pa kugeukia hana. Asubuhi anatoka vilevile alivyoingia, ila kwa nyuma.

Ikaja habari ya mlango wa mama. Fazal akakataa, mlango utatoboa uso wake. Bakhshu naye akakataa. Nikautoa uchochoroni, upande wa tatu, na komeo lake Bebe akalitaka liwe la ndani.

Siku nilipopaka udongo kozi ya mwisho, nilifunga mzigo wangu, nikanyoosha mkono kwa Fazal.

"Mwiko wangu, kaka."

"Bakhshu arudishe timazi kwanza. Mkubwa haanzi."

Nikazunguka uchochoro hadi kwa Bakhshu.

"Timazi, kaka."

"Fazal arudishe mwiko kwanza. Safari hii mkubwa aanze, si ndicho alichonunia?"

Nikazunguka tena. Nikarudi tena. Uchochoro ukanijua. Mbwa waliokuwa wananibwekea asubuhi, mchana wakawa wananipisha. Huko mashambani palibaki konde moja tu lenye ngano, na wavunaji wake walikuwa vijana wenye nguvu, Mungu awasamehe.

Nikajitupa kwenye kizingiti cha Bebe, mtu mzima, macho yameniiva.

"Bebe, naenda kuoa kwa mwiko, na mwiko sina."

Alinyanyuka, akanivuta ndani, akafunga komeo, akachomoa mpini wa pampu, akalifunika tanuri kwa bati. Kisha akarudi kitandani, akawasha kiko chake, akavuta taratibu kama mtu anayesubiri wageni aliowaalika mwenyewe.

Jua la Punjab wakati wa ngano halina adabu. Haikupita hata saa ya chakula, nikasikia hodi mlangoni.

"Mama, maji." Alikuwa Bakhshu.

"Mama, mikate." Alikuwa Fazal.

"Kijana huyu ana vitu vyake kwenu," Bebe akasema kupitia ufa. "Visipoingia hapa, hakitoki kitu."

"Nitatoa akitoa yeye."

"Na mimi nitatoa akitoa yeye."

"Basi kaeni hapo. Nyie mna nyuso nzuri, jioneeni."

Wakaenda kuvileta, kisha wakasimama pale, huyu ameshika mwiko, yule ameshika timazi, hakuna anayenyoosha mkono. Na wangesimama mpaka leo.

Lakini Kali naye alikuwa na kiu. Alikuwa ameanza kutoka kwenye kijia chake kuja uchochoroni, kinyumenyume kama kawaida, na nyati anayekwenda kinyumenyume haoni mtu. Nilimwona kupitia ufa wa mlango. Nikavuta komeo.

Makalio yale yakawakumba ndugu wote wawili kwa pamoja, yakawamimina ndani kama zege. Mwiko ukaruka huku, timazi kule. Nilividaka vyote viwili kabla havijagusa ardhi, na Ustadi angekuwepo, asingenipiga kofi siku hiyo.

Walipofumbua macho walikuwa wamekaa kwenye kitanda kimoja, bega kwa bega, na Bebe anawapa lasi, mtindi uliopigwa na maji. Halafu akatoa kiko.

Wote wawili wakakitazama.

Bebe akavuta yeye kwanza. Akavuta tena. Kisha akakiweka chini katikati yao, akaenda zake.

Sikuona nani alianza. Nilikuwa namfuata Bebe, maana alikuwa ameinama karibu na ukuta, anakanda samadi ya Kali. Akafinyanga mkate, akaupiga ukutani. Pah. Ukashika. Akapiga wa pili upande wa pili. Pah.

"Ukuta wenye uso haushiki samadi," akasema. "Inateleza. Mgongo ndio unaoshika. Nimelilia ukuta wa namna hii tangu nilipoolewa humu, na hapa nina mbili. Ikikauka, ni kuni za tanuri mwaka mzima, na hao wawili watakuja kuniomba."

Nikasimama kama nguzo.

"Bebe, nani alimfundisha Bakhshu kuuliza uso uko wapi?"

Akaokota tofali mbili zilizobaki, akazigonganisha sikioni, akasikiliza mlio.

"Hili halikuiva," akasema, akalitupa. "Mimi ni binti wa mwashi wa Chiniot, mwanangu. Kimbia, wakimaliza konde lile hutaoa mtu."

Nilikimbia. Nilifika vumbi la ngano likiwa bado linaelea hewani. Ustadi Siraj Din aliushika mwiko, akautazama pande zote, akanusa.

"Mbona unanuka nyati?"

"Ni hadithi ndefu, Ustadi."

Akanipiga kofi, la baraka, akaniita mwanawe.

Basi mkiona watu wanagombea uso, iwe wa ukuta, iwe wa meza kuu, iwe wa kiko, msiingilie. Kaeni kimya upande wa mgongo mkande samadi yenu. Huko ndiko mambo yanakoshika.

Mimi nilipojenga chumba chetu, Sughra alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Uso utakuwa ndani au nje?"

Nikaweka mwiko chini.

"Sema wewe kwanza, mke wangu. Unataka kupiga samadi wapi?"