Jogoo wa Hakimu

Nilipostaafu ualimu nilidhani nitatulia nyumbani Mraru nikimwagilia sukuma wiki. Mwaka haukuisha. Jirani mmoja wa kanisani alinivuta kwenye kikundi cha kujitolea, cha kuwasindikiza mashahidi mahakamani Voi. Kazi yenyewe, aliniambia, ni kukaa na mtu tu. Nikaona hiyo naiweza: aliyekaa na darasa la kwanza miaka nenda miaka rudi hatashindwa na mtu mzima anayeogopa kizimba.

Ninayemkumbuka zaidi ni mama mmoja wa Kishushe. Alikuwa akisimamia kioski cha maji kijijini kwao. Siku moja foleni ilikuwa ndefu, kijana mmoja akataka kuteka kabla ya wengine. Mama akamkatalia. Kijana akamsukuma, mama akaangukia mawe, mkono ukavunjika. Kijana akashtakiwa kwa kumjeruhi, na mama akawa shahidi wa kwanza.

Asubuhi ya kesi nilimkuta langoni, mkono uliovunjika umepona kombo, na kwenye kwapa la pili kuna jogoo mwekundu.

"Mama, huyu ni wa nini?"

"Wa hakimu. Mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu."

Nilicheka, kisha nikaona mwenzangu hacheki. Nikamweleza kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, polepole, kwamba hapa zawadi hugeuka hongo, na kesi ingeharibika kabla hajafungua mdomo. Akaniangalia kama mtu aliyekatazwa kuwasalimu wakwe. Mwishowe tulimwacha jogoo ng'ambo ya barabara kwa mama wa mandazi, kamba mguuni, chini ya meza.

Tukakaa kwenye benchi la nje tukisubiri kuitwa. Hapo ndipo nilipojua kinachomwogofya.

"Mamake huyo kijana ni rafiki yangu," alisema. "Kwaya tunaimba sauti moja. Tangu mkono uvunjike hatujasalimiana."

Mara rafiki mwenyewe akatokea, kitenge kichwani, anatujia moja kwa moja. Nikasimama haraka.

"Mama, tafadhali, shahidi haongeleshwi."

Mimi hakuniangalia hata. Alimwambia mwenzake, "Sema vile ilikuwa. Mtoto ni wangu, lakini mkono ni wako." Akapita, akaingia kukaa ndani. Nikaenda kumweleza mwendesha mashtaka yaliyotokea, kama inavyotakiwa. Niliporudi, mama wa Kishushe alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya leso.

Alipoitwa, nilikaa mahali anaponiona. Mwanzo alisema kwa sauti ndogo. Hakimu akamwomba aongeze kidogo, akaongeza kidogo kweli. Kisha wakili wa kijana akainuka, mpole kama mhudumu wa hoteli.

"Mama, si kweli kwamba ulijikwaa mwenyewe?"

Mama akashika ukingo wa kizimba. Hapo hapo, kule barabarani, jogoo akawika. Akawika tena. Karani akashika mdomo, hakimu akainamia makaratasi yake, na mimi nikawa naangalia dari. Nilipomtazama mama, mabega yalikuwa yameshuka, na uso umefunguka.

"Kujikwaa nakujua, bwana wakili," alisema, sauti sasa inafika mlangoni. "Mtu akijikwaa huangukia mbele. Mimi nilianguka kinyumenyume, na uso wake nikiuona."

Wakili akakaa.

Kesi iliahirishwa mara kadhaa kabla ya hukumu, na kila mara mama alikuja. Kijana alipatikana na hatia, akapewa kifungo cha nje, afanye kazi za jamii. Nilitegemea mama ashangilie. Hakushangilia.

"Nilitaka tu isemwe mbele ya watu," aliniambia.

Mchana huo pikapu ya Kishushe ilikuwa moja tu, na ukiikosa umelala Voi. Wakapanda wote: mama, rafiki yake na kijana. Nilibaki stendi roho juu. Kesho yake nikapiga simu.

"Mlifikaje?"

"Salama. Mwenzangu ndiye alianza kuongea. Aliniuliza kama mkono bado unauma."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia unauma, tena sana. Basi akakishika kikapu changu mpaka nyumbani."