Fundi Asiyeandika Majina

Fundi wa nguo wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, haandiki jina la mteja popote. Anafunga uzi kwenye pindo, mwekundu kwa huyu, wa kijani kwa yule, na mengine anayaweka kichwani. Zamani alikuwa na daftari. Asubuhi moja watu walioshuka kwenye gari lisilo na namba walilichukua, na baadhi ya walioandikwa humo hawakurudi kuchukua nguo zao. Suruali moja ya kijivu bado inaning'inia nyuma ya cherehani, na uzi wake wa njano. Kila akiinuka, huigusa kwa kiganja.

Jioni anajifunza Kiingereza pamoja na Assia, muuza vifungo wa mlango wa pili. Mwalimu ametaka hadithi fupi, basi fundi akaiomba akili bandia ya kwenye simu mawazo, kama wanafunzi wote: mtu ameacha suruali kwa fundi, Bujumbura, hajarudi. Jina hakutia. Mashine ikajibu papo hapo kwamba wazo ni zuri, na huyo mtu tumwite Gervais.

Ndilo jina la mwenye suruali ya kijivu.

Sindano aliyokuwa ameishika ilimchoma, hakuiangalia. Akaandika kwa kidole kimoja, kwa Kiingereza chake chote: nani amekuambia? Mashine ikajibu kwamba hakuna, jina imelibuni tu, linaweza kubadilishwa.

"Ile simu imekupa nini, fundi?" Assia akauliza.

"Apana kitu, dada," alisema kwa sauti ya chini.

Akazima simu, akaishusha suruali, akaung'oa uzi wa njano kwa meno, akaumeza.