Barua Moja ya Watu Wote

Nimekaa miaka kumi na tisa nje ya mlango wa Mwalimu, mimi na meza yangu na kompyuta inayochelewa kuwaka, kwa hiyo ninachosimulia hapa sikuhadithiwa. Wanafunzi walimwita Fursa. Yeye alijua, akajifanya hajui, na nadhani jina alilipenda.

Kazi aliyoajiriwa ilikuwa kufundisha historia ya sanaa. Kazi aliyoipenda ilikuwa kuwatafutia watu nafasi. Ruzuku za wachoraji, tuzo za waandishi wachanga, ufadhili wa watafiti, nyumba zinazowakaribisha wasanii wakae miezi kadhaa wakila na kulala bure ili wafanye kazi zao, zote alizijua, na tarehe zake za mwisho alikuwa nazo kichwani. Kila Jumatatu alinipa matangazo mapya nikayabandika ubaoni, yaliyopitwa na muda nikayabandua. Walikuja hata wasiosoma chuoni kwetu. Alimkalisha kila mmoja, akamsomea masharti, akamwonyesha pa kusaini, na hakuomba hata soda. Yeye mwenyewe aliomba ruzuku mara nne akakosa zote, lakini ndiyo hivyo, mganga hajigangi.

Sasa niseme lililonikalisha kuandika, maana nikizungukazunguka nitaishia kumsifu tu. Karibu kila nafasi hutaka barua ya mtu anayemfahamu mwombaji, aeleze kazi yake ikoje. Mwalimu alikuwa na barua moja. Aliiandika zamani, kwa moyo wote, kwa ajili ya mchongaji mmoja aliyestahili kila neno, na ilikuwa barua nzuri kweli; nilipoichapa mara ya kwanza machozi yalinilengalenga. Ilisema kwamba katika miaka yake kumi na miwili ya kufundisha hajapata mwanafunzi mwenye mkono wa subira kama huyu. Mchongaji akapata nafasi. Alipokuja mtu wa pili, Mwalimu alikuwa na haraka, akaniambia, "Katibu, chukua ileile, badilisha jina." Ikawa ndiyo desturi. Lugha yetu nayo haina usumbufu, mwanamume ni yeye na mwanamke ni yeye, hapakuwa na kingine cha kugusa. Kila Januari niliongeza mwaka mmoja kwenye ile idadi, mpaka tukafika thelathini na moja. Wachoraji, wasusi, hata mtafiti wa isimu ambaye mkono wake hakuna aliyeujua, wote walikuwa na mkono wa subira, na kila mmoja alikuwa hana mfano wake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa mimi.

Mwaka jana likaja tangazo la nyumba moja ya wasanii yenye tanuri kubwa la umeme, miezi mitatu. Mpwa wa Mwalimu, mtoto wa dada yake, ni mfinyanzi. Alisoma kwetu miaka miwili, kisha akafungua karakana nyuma ya nyumba anayopanga, akawa anachoma vyombo kwa kuni, na moto wa kuni hauna simile, nusu ya vyombo hutoka vimepasuka. Tanuri kama lile ndilo alilokuwa akiliota. Alikwisha kuomba mara mbili bila kupata, na masharti yalisema mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano. Yeye alikuwa anaifikisha mwaka uleule. Akikosa safari hii, basi tena.

Mwalimu aliniagiza nichape barua yake. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimechapa ya mchoraji mmoja mchangamfu, kwa nafasi hiyohiyo. Nililiona. Sitasema sikuliona. Vidole vilisita, nikawaza kwamba barua hizi mbili zitafika mezani kwa watu walewale. Kisha nikawaza kwamba ni Ijumaa, nina safari ya kwenda nyumbani, na si kazi ya katibu kumfundisha mwalimu kazi. Nikabadilisha jina, nikatuma. Fomu haikuuliza kama mwombaji ni ndugu, naye Mwalimu hakusema.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, nalo lilikuwa na adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyouma. Waombaji wote wawili walikuwa wamefika hatua ya mwisho. Lakini zimepokelewa barua mbili za mwalimu mmoja, zinazofanana neno kwa neno, kwa hiyo zote mbili zimewekwa kando. Kila mwombaji alipewa siku saba alete barua ya mtu mwingine, aliyeiona kazi yake kwa macho yake mwenyewe. Nakala ilikwenda kwa wote.

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akaniomba nimfungulie ile barua yetu, akaisoma nayo, mara mbili. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na bado nilikuwa na uso wa kuinamisha kichwa na kunyamaza, kama vile mkosaji ni yeye peke yake na mimi ni mashine tu ya kuchapia.

Kesho yake mchoraji alikuja, akachukua faili lake, hakumsalimu mtu. Mwalimu alijifungia ndani. Waliogonga niliwaambia ana kikao. Uongo huo ulikuwa mwepesi mdomoni, kwa kuwa nilikuwa nimeufanyia mazoezi ya kutosha. Miaka tisa mpwa wake alikuwa akipiga simu kila anapokaribia kufungua tanuri lake la kuni, amwalike mjomba wake aje aone vilivyotoka, na ni mimi niliyekuwa nikijibu, "Ana kikao, dada yangu, anasema safari ijayo."

Siku ya sita mpwa akaja mwenyewe. Alifuatana na mtu wa makamo, mikono imekauka udongo mpaka kwenye viwiko, aliyevua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia. Ndiye anayemuuzia udongo. Mpwa alisema barua ataitoa huyu, ila kuandika kunampa shida na kompyuta hana, akaniomba nimchapie kwenye fomu kabla ya saa kumi. Alisema na mimi tu. Mlango wa Mwalimu ulikuwa wazi.

Mwalimu akatoka. Mpwa akamwamkia, maana alilelewa vizuri, na marahaba yenyewe ilisikika kwa shida. Kisha Mwalimu akanigusa bega niinuke.

"Acha nichape mimi," alisema. "Angalau hilo."

Mpwa hakukubali wala hakukataa. Nikampisha kiti.

Muuza udongo akaweka mikono nyuma, akaanza polepole, akingoja vidole viwili vya Mwalimu vimfikie. "Nimemuuzia huyu binti udongo miaka kumi na mmoja. Wengine huanza na bei. Yeye huuliza umechimbwa upande gani wa bonde, kisha anauonja kwa ulimi. Mwaka juzi alinirudishia magunia mawili kwa mkokoteni, akasema yana chokaa. Nikamtukana. Nilipochoma kipande changu kikabanduka vipandevipande, nikaenda kumwomba radhi. Chombo chake kikipasuka motoni hakitupi, anakaa nacho mpaka ajue kimepasuka kwa nini. Nyumbani tuna mitungi yake sita. Wajukuu zangu wanaiangusha, na yote ipo."

Aliitazama skrini, akaona mistari ni michache, akaingiwa na haya. Watu wenye kustahili haya tulikuwa wawili wengine mle chumbani.

"Mwalimu, mimi nimeishia hapo," alisema kwa heshima. "Wewe ndiye msomi, tena ni mjomba wake. Ongeza kaneno kuhusu vyombo vyenyewe, barua ikae vizuri."

Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Vidole vya Mwalimu vilibaki juu ya herufi. Mtu huyu angeweza kukusimulia saa nzima juu ya chungu kilichokaa kwenye jumba la makumbusho miaka elfu. Mpwa wake alikuwa ameinua uso, anamtazama mikono, na hapo ndipo niliposikia aibu mpaka mifupani, kwa sababu niliona bado anangoja. Baada ya yote yale, alikuwa bado anangoja mjomba wake aandike kitu.

"Siwezi," Mwalimu alisema. "Sijawahi kuviona."

Muuza udongo alicheka kidogo akidhani ni utani, kisha akaacha.

"Basi itume hivyohivyo, Mjomba," alisema mpwa. Sauti yake haikuwa na hasira. Laiti ingekuwa nayo.

Mwalimu akaituma.

Nafasi mpwa aliipata. Habari nilizipata kwa muuza udongo, nilipokutana naye sokoni, mpwa akiwa amekwisha kusafiri wiki mbili nyuma. Niliporudi ofisini nikamweleza Mwalimu. Aliniuliza kama mpwa wake alipiga simu kuaga, nikamwambia hapana.