Meza Ndefu ya Rooty Hill

Nichekeni tu, jamani. Jumamosi nilichoka kula peke yangu, nikaenda soko la usiku la Wafilipino, mtaa wa Rooty Hill. Moshi wa mishikaki ulitanda, watu wakiimba karaoke kwa sauti zao zote. Nikaona kiti kitupu kwenye meza ndefu, nikadhani ni ya wateja wote. Nikakaa. Mama mmoja akanijazia wali na nyama, akaniambia, "Kula, dada." Tangu nihamie Sydney hakuna aliyewahi kunipakulia chakula. Nikala, nikacheka, hata nikamwimbia bibi mmoja wimbo wa siku ya kuzaliwa. Ndipo binti yake akanikabidhi maikrofoni mbele ya ukoo mzima.

"Haya, tuambie, wewe na mama yetu mlijuana wapi?"

Hata jina la bibi sikulijua.