Kichwa cha Mtoto wa Watu

Wifi yangu Orysia Hrycay ana mdomo, na mimi ninao, ndiyo maana tumeelewana tangu siku alipoolewa na kaka yangu Metro. Nyumba yao iko mtaa wa pili kutoka uwanja wa barafu, hapa kwetu Wadlow, Saskatchewan, na kwa miaka mingi haikukosa kijana wa kulelewa. Klabu yetu ya hoki huchukua vijana kutoka mbali, wa miaka kumi na sita, kumi na saba, na mtoto wa watu hawezi kulala hotelini msimu mzima. Hupewa familia. Mwenye nyumba huitwa mama mlezi, na mama mlezi wa kweli utamjua kwa friji yake.

Friji ya Orysia ilikuwa haifungi kwa kujaa. Aliwapikia piroge, zile sambusa za kuchemsha, za viazi na jibini, kabichi za kukunja, supu nyekundu ya bitiruti. Aliwafulia soksi ambazo mimi nisingezigusa hata kwa koleo. Na kufoka alifoka. "Viatu mlangoni! Hapa unaona zizi hapa?" Lijana lililomzidi urefu kichwa kizima na mabega lingerudi mlangoni likavua viatu bila kujibu. Waliopita kwake bado humpigia simu Krismasi yetu ya Januari, ya kalenda ya zamani ya kanisa letu, ambayo makwao hata hawaisherehekei.

Dallin Fehr alitoka kwenye shamba la Wamenoni, Wakristo wakulima wa dhehebu lao, kusini mwa Manitoba, mwendo wa kutwa nzima kwa gari. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye tumbo lisilojua kushiba. Mama yake, Leona, alimleta mwenyewe. Alimshika Orysia mikono yote miwili pale barazani akasema, "Dada, nakuachia." Kisha akapanda gari akarudi kwa ng'ombe wake. Orysia alinisimulia hilo akiwa na machozi, nikamcheka.

Msimu wa pili wa Dallin ulipoanza, mwezi wa Septemba, aliingia jikoni akipiga makofi.

"Mama O! Nimefeli mtihani. Nimefeli vizuri kabisa!"

Ni mtihani wa kichwa huo. Kila msimu ukianza, wachezaji wakiwa wazima, huketi mbele ya kompyuta wakakariri maneno na kubonyeza kitufe rangi zinapotokea, na alama zao huwekwa. Mtu akigongwa kichwa baadaye hurudia mtihani uleule, daktari akalinganisha. Alama zikiwa zimeshuka, hachezi mpaka apone. Vijana nao wana akili zao. Wakubwa huwafundisha wadogo kuuharibu ule wa Septemba makusudi, ili hata ukigongwa ukaona nyota, alama za pili zisionekane mbaya.

"Na ukigongwa kweli je?" Orysia akamuuliza.

"Si ndiyo raha yake, mama! Watasema kugongwa kumeniongezea akili."

Orysia alicheka mpaka akashika meza. Kusema kweli mji mzima ulikuwa unacheka. Kila mama mlezi alijua, na tulikuwa na jina letu la vijana hao: wajinga wa Septemba. Hakuna aliyeona kwamba ni jambo la kumpigia mtu simu.

Mwaka huo mji wetu ulipewa mashindano ya ubingwa wa vijana wa mataifa. Hata sasa sijui tuliyapataje. Wakaja Wafini, Waswidi, Wacheki, Walatvia, kila timu na basi lake, na sisi wanawake tukajifungia katika ukumbi wa chini wa kanisa tukikunja piroge za wageni mpaka vidole vikafa ganzi. Na Dallin akachaguliwa timu ya taifa. Orysia akanunua jezi yenye jina la Fehr mgongoni, akaivaa dukani, akaivaa benki, akaivaa mpaka kanisani.

"Wifi, hiyo jezi itaota mizizi mwilini," nikamwambia.

"Wewe una mtoto kwenye timu? Basi nyamaza."

Nusu fainali tulikutana na Waswidi. Mswidi mmoja alimkuta Dallin ameinamisha kichwa anakitafuta kisahani cheusi kinachochezewa katikati ya miguu, akambamiza ukutani. Kishindo tulikisikia mpaka viti vya juu. Dallin alilala, kisha akainuka, akateleza taratibu kuelekea benchi. Lakini lilikuwa benchi la Waswidi. Watu wakacheka, maana kila mtu alijua utani wake, wakadhani anawachokoza. Nilimgeukia Orysia nicheke naye, nikakuta amefunika mdomo kwa mkono.

Wakampeleka ndani. Mechi tulishinda bila yeye, na kabla hatujatoka uwanjani habari ikaenea: Dallin amefanya mtihani wa kichwa, amefaulu, fainali anacheza. Watu wakashangilia. Orysia alivaa koti lake akatoka bila kuniaga.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko na vijana waliruhusiwa kutoka hoteli waliyowekwa na timu. Haya ya jikoni sikuyaona mimi, alinisimulia Orysia mwenyewe baadaye. Dallin aliingia, na jambo la kwanza akazima taa.

"Taa yako imekuwaje, mama?"

"Haijawa kitu."

Akala piroge mbili, yeye aliyekuwa anamaliza sinia. Halafu akasema, "Mama, nipe krimu." Bakuli la krimu lilikuwa mkononi mwake.

Orysia akaketi. "Dallin. Kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Kidogo cha namna gani?"

"Mama, nimefaulu mtihani bwana."

"Usinifanye mtoto mdogo. Ulivyofaulu najua."

Kijana akaangalia sahani. "Ni mechi moja tu, Mama O. Moja! Ikiisha nitalala wiki nzima, utaniletea supu kitandani, utanifokea unavyotaka. Nimeingoja hii tangu nikiwa siwezi hata kujifunga viatu. Usiniharibie, nakuomba."

"Mama yako anajua?"

"Nimeongea naye asubuhi. Anajua."

Namba ya meneja wa timu ilikuwa kwenye simu ya Orysia. Wenyeji wote tulipewa. Aliichukua simu. Dallin akaiangalia ile simu, hakumwangalia yeye. Orysia akairudisha juu ya friji.

Fainali ilikuwa na Wafini. Uwanja ulijaa mpaka ngazi zikakaliwa na watu. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na wifi yangu, ambaye waamuzi wa wilaya nzima wanamjua kwa matusi yake, alikaa kimya amenishika mkono. Kila Mfini alipomsogelea Dallin alinibana. Nikasema, "Wewe, utanivunja!" Hakunisikia. Hakuna aliyemgonga Dallin siku ile, Mungu alimwepusha. Na zikiwa zimebaki dakika chache akatoa pasi nzuri iliyozaa bao la ushindi, watu wakarukiana, watu wazima na heshima zao wakalia.

Baada ya nishani Dallin aliteleza mpaka upande wetu, akaivua yake, akamvisha Orysia. Kila mtu akapiga picha. Mojawapo imetundikwa ukumbini kanisani: Dallin anacheka amefinya macho kwa sababu ya mwanga, na Orysia na nishani shingoni, amekunja uso, machozi yanamtoka. Tulisema ni furaha. Wageni wakija bado tunawaonyesha tukisema, huyu ndiye mama mlezi, tazameni alivyofurahi.

Wiki nzima ya kulala aliilala. Haikutosha. Mwezi ukapita, kusoma hawezi, herufi zinamkimbia. Muziki hataki, taa hataki, utani umekwisha. Aliyekuwa akimtania kila mtu akawa anakasirika kijiko kikianguka. Klabu ikamrudisha kwao apumzike. Msimu uliofuata akajaribu tena, akacheza mechi mbili, akaomba kuondoka kwa hiari yake. Madaktari walisema alipaswa kupumzika tangu lile pigo la kwanza, na kwamba kutoka jasho vile siku mbili tu baadaye kulimharibu hata bila kugongwa tena. Lakini mtihani ulionyesha yuko sawa, wakasema, na hawakuelewa kwa nini.

Mwaka huo Orysia aliiambia klabu hapokei tena vijana. Mgongo unamsumbua, alisema. Mgongo! Mwanamke aliyekuwa anasukuma theluji ya mlangoni kwake na ya kwangu pia. Nikaenda kumkabili, nikamkuta anakunja piroge jikoni, za kulisha kijiji, na nyumbani ni yeye na Metro tu.

"Mgongo wako ulianza lini?" nikamuuliza.

Hapo ndipo aliponieleza yote: Septemba, taa, krimu, simu. Alizungumza akiendelea kukunja, haniangalii.

"Nilijiambia namwonea huruma," akasema. "Uongo, wifi. Nilitaka kumwona akicheza. Nilishamwambia kila mtu. Nilikuwa na jezi."

Nilimfokea. Sina moyo wa kubembeleza mtu, na nilikasirika kweli. Nilimwambia kichwa cha mtoto wa watu si bakuli, ukilivunja ukanunue lingine. Nilimwambia alikabidhiwa mikono kwa mikono. Nilimwambia mama wa kweli angempigia meneja simu hata mtoto amchukie maisha yake yote. Nikasita kuvuta pumzi.

"Endelea," akasema. "Metro hataki kunisema. Padri naye anasema Mungu anasamehe. Nisemeni, jamani!"

Nikashindwa. Nikanawa mikono, nikaanza kumsaidia kukunja. Baadaye nikamwambia kuna mtu mmoja tu wa kumwambia, naye ni Leona. Akasema ndiyo. Akasema ndiyo hivyo hivyo mpaka theluji ikayeyuka, na kila alipoinua simu kumpigia, aliishia kuuliza habari za ng'ombe.

Leona akaja mwenyewe, mwezi wa Agosti, akimpeleka Dallin kwa daktari wa mji mkubwa wa huku kwetu. Wakapita kulala kwa Orysia. Nilikuwepo, Orysia aliniita makusudi, nadhani aliogopa kuwa peke yake. Dallin aliingia na miwani myeusi. Alimkumbatia Orysia, akasema, "Mama O, umepungua, hawakupi chakula?" tukacheka sote, zaidi ya utani wenyewe ulivyostahili. Siku hizi, akasema, anamsaidia baba yake asubuhi tu, mashine zikianza kunguruma anarudi ndani. Akauliza kama kuna maziwa. Orysia akampa. Akanywa, akaweka glasi, akauliza tena kama kuna maziwa. Kisha akashuka chumba cha chini, kwenye kitanda chake cha zamani, kupumzika.

Leona alikuwa ameleta jamu. Akaipanga mezani, chupa moja moja, kama mtu aliyejiandaa kusema kitu.

"Dada, sikuwahi kukushukuru sawasawa," akasema. "Mtoto wangu hakupungukiwa na kitu hapa."

"Usinishukuru."

"Nakushukuru. Nilikuwa nalala usingizi kwa sababu yako."

"Leona, usinishukuru, nakuomba!" Orysia akasimama, akakaa tena. Akaanza kusema. Alisema vizuri, bila kujitetea, kuanzia kicheko cha Septemba mpaka simu juu ya friji, na jezi hakuificha. Mimi nilikuwa naangalia mikono ya Leona, nikingoja impige au impokee. Haikusogea.

"Aliniambia," Leona akasema.

"Nini?"

"Siku ile asubuhi. Alinipigia. Akasema, mama, taa zinanichoma, nimetapika, lakini nimefaulu mtihani. Na mambo ya Septemba nilikuwa nayajua, kaka zake wote walicheza." Akasafisha koo. "Nikamuuliza, Mama Orysia ataonana nawe? Akasema ndiyo, nakwenda kula kwake. Nikasema basi. Yule mama ana macho, na mdomo anao. Akiona vibaya atasema."

"Mimi aliniambia wewe unajua."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukupiga simu, Leona? Wewe ndiye mama yake!"

"Nilikuwa nangoja upige wewe."

Metro alikuwa nje anakata majani kwa mashine, nayo ikazimika, nyumba ikawa kimya kabisa.

Ngazi zikalia. Dallin akatokeza mlangoni bila miwani, amekinga macho kwa kiganja, nywele zimesimama upande mmoja.

"Vipi, mbona kimya hivyo?" akasema. "Mlikuwa mnaongea nini?"

Leona akamtazama Orysia, Orysia akamtazama Leona.