Bahari Iliyoogopa Jua

Mume wangu alipostaafu wizarani alikosa wa kuwaamrisha, akaanza na mapazia. Chanzo ni picha aliyoinunua mnadani Uingereza tulipokwenda kumtembelea binti yetu: mchoro wa rangi za maji wa zama za Kiromantiki, wakati wachoraji walipokuwa wakizimia kwa kuona wingu. Ni ufuo mtulivu, maji yamekupwa, wanawake wawili wameinama kuokota kombe, na mbingu imepauka kama chai iliyozidi maji. Nzuri, sikatai.

Muuzaji alimwambia kuwa jua huzila rangi za maji. Basi tumekwisha. Nyumba yetu ya Azaiba tuliijenga ikitazama bahari makusudi, na sasa tukawa tunashinda kizani, taa ndogo inawaka, tukiitazama bahari ya Waingereza. Mgeni mmoja alimimina kahawa kwenye sahani ya halua. Mume wangu alichomwomba ni asiusogelee ukuta wenye picha.

Kisha mama yake akaja kukaa kwetu. Magoti yalikuwa yamemgomea, hatoki tena. Raha yake ilikuwa kukaa dirishani na kuwasema wapita pwani mmoja mmoja, nani kanenepa, nani katoka na nguo ya kulalia. Nilipenda kumsikiliza kuliko redio. Safari hii alikuta pazia limefungwa. Mwanawe akamweleza habari za jua na rangi kwa utaratibu, kama yuko mkutanoni, naye akakubali.

Siku zikapita akiwatazama wale wanawake wawili wa pichani.

"Hawa hawendi popote," aliniambia.

Akaacha kusema watu. Akawa anasinzia kitini tangu asubuhi, chakula anakigusa tu. Iliniuma, na nilimwambia mume wangu hivyo. Akanijibu kuwa mama amechoka.

Siku moja, tukinywa kahawa, mama akamuuliza, "Mwanangu, picha hii ina umri gani?"

"Inakaribia miaka mia mbili, mama."

"Na ukiitunza hivi?"

"Itakaa mia nyengine, inshallah."

"Mashallah. Na mie unanikisia nna mingapi?"

Mume wangu alikitua kikombe chake. Akaenda dirishani, akayavuta mapazia yote mpaka mwisho. Jua likaingia, likaipiga picha. Hakugeuka kuiangalia. Alikaa chini miguuni pa mama yake, akafuta macho, akasingizia mwanga.