Kibali cha Kwenda Chuo Kikuu

Wakati wa vita vya shifta, serikali ilipopigana na waasi wa kaskazini, Garissa ulikuwa hutoki bila kibali. Siku moja katika ofisi ya vibali, mbele yangu kwenye foleni, alisimama kijana na mamake, barua ya chuo kikuu mkononi.

Karani akamuuliza, "Mbona Nairobi? Chuo kidogo hukitaki?"

"Kule wanafunzi ni wengi, bwana. Nitapitisha siku nzima bila kuulizwa ukoo wangu."

Mamake akavuta mtandio usoni. "Na nani atakuuliza kama umekula?"

"Nitajiuliza mwenyewe, hooyo," akamjibu mama yake kwa Kisomali.

Muhuri ukagongwa. Mimi, ambaye sikuwahi kushika kalamu, nikamwonea wivu. Nikaomba kibali changu cha kwenda kisimani nje ya mji kuchota maji, nikapewa papo hapo. Njia nzima nilitamani kisima kiwe mbali kama Nairobi.